Buibui Waliozuiwa Kuruka

Jumanne, tarehe 14 Juni 2061. Asubuhi ya baridi, digrii kumi na saba. Umande mzito, anga safi, upepo wa mlimani unashuka polepole kuelekea kaskazini.

Hivyo ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari la kituo. Siku ile niliandika hivyo hivyo, nikiwa nimesimama juu ya tuta la mfereji wa mwisho wa Isengo, mbele ya wifi yangu Lugano. Alikuwa bado hajanisalimu.

"Umemaliza kuandika hali ya hewa?" aliniuliza.

"Nimemaliza, wifi."

"Basi njoo uandike na hali yangu."

Tuliruka mfereji. Upande wa kusini ni skimu ya Isengo, majaruba elfu moja na mia mbili yanayonyweshwa na bwawa, misimu miwili kwa mwaka. Kwenye kila jaruba kimesimama kijiti cheusi cha kusikiliza, ambacho huhesabu nyayo za buibui juu ya mabua ya mpunga na kutuletea idadi kituoni. Upande wa kaskazini ni Madunduli, ambako watu hulima mara moja tu kwa maji ya mafuriko. Ndiko alikozaliwa marehemu mume wangu, kaka yake Lugano, na ndiko alikozikwa. Vijiti vyetu vinaishia kwenye mfereji. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikienda msibani na harusini, na sikuwahi kuona kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Lugano alikata suke la mpunga wake, akalisugua kiganjani, akapuliza. Kiganja kikabaki kitupu.

"Mapepe," alisema. "Ekari tatu, wifi. Nimepata ndoo mbili."

Jaruba lake lilikuwa na madoa makubwa ya kahawia, kama limeungua bila moto. Ni kazi ya vifyonzi, wadudu wadogo wanaokaa chini ya shina na kunyonya maji ya mmea mpaka unakauka. Nilipiga magoti kwenye tope. Saa kama ile, upande wa Isengo, umande huonyesha utando mdogo kwenye kila shina. Nilipekua shina moja baada ya jingine. Nilipofika la arobaini Lugano alicheka, cheko lisilo na furaha.

"Unatafuta nini huko, sindano?"

"Buibui."

"Ungeniuliza mimi. Hawajaja mwaka wa tatu huu." Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Na tulisubiri. Mwaka huu tumesubiri siku ishirini na mbili."

Neno hilo, kusubiri, nililijua.

Watu wa Madunduli wana desturi yao. Miche ya mpunga ikishakuwa tayari kitaluni mwishoni mwa Januari, hawaing'oi. Wanasubiri. Wanawake hutoka alfajiri wakiwa vichwa wazi, husimama mashambani wakielekea mlimani, na asubuhi moja, baada ya Isengo kuvuna, nyuzi nyeupe huja na upepo. Hugusa nyuso, hunata kwenye nywele. Yule wa kwanza kuguswa hupiga kelele, na siku hiyo hiyo kijiji kizima huanza kupandikiza. Wanaita kupokea utando.

Miaka mitatu iliyopita niliitwa kuzungumza katika umoja wa wanawake wa kanisa letu, Isengo na Madunduli pamoja. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu ya jioni, nimepewa koti jeupe la kituo, nami nilitaka kumrudishia Mungu utukufu. Nilisema, "Mama zangu, dada zangu, msiabudu utando. Anayeotesha mpunga ni Mungu, si uzi wa mdudu. Pandeni kwa wakati." Walipiga makofi. Lugano hakupiga.

"Waliokusikiliza walipanda mapema, wakaliwa," alisema sasa, kama mtu aliyeyasoma mawazo yangu. "Sisi tuliosubiri tulichelewa, maji yakatukimbia, tukaliwa vilevile. Kwa hilo sikulaumu, wifi yangu msomi. Hukutubagua."

"Lugano."

"Kaya kumi na tisa zimeshahamia Chunya kuchimba dhahabu. Mimi nimefunga mizigo. Nasubiri Jumapili, sikukuu ya mavuno, nimtolee Mungu nilichonacho, halafu niende. Kaburi la kaka yangu nakuachia wewe."

*

Sina budi kueleza tulichokifanya, kwa sababu nilikuwemo tangu mwanzo.

Buibui wa jaruba ni mdogo kama punje ya mpunga. Ndani ya mwili wake, ndani ya chembe zenyewe za mwili, wanaishi bakteria ambao mama huwarithisha mayai yake. Wapo tangu zamani, hatukuwaleta sisi. Watafiti waliotutangulia waligundua kwamba bakteria hao humbadilisha mwenyeji wao tabia. Buibui anayetaka kusafiri hupanda ncha ya jani, husimama kwa ncha za miguu yake minane, huinua tumbo juu na kuachia uzi, upepo ukamchukua. Wale wenye bakteria wa aina fulani hawana hamu hiyo. Hukaa walipozaliwa.

Joto lilipozidi, buibui wa Isengo walikuwa wakifa kila Oktoba, na wale waliosalia walikuwa wakiruka baada ya mavuno. Wakulima wetu walianza kila msimu bila walinzi. Kwa hiyo kituo kilichagua, kizazi baada ya kizazi, bakteria anayewazuia zaidi kuruka, na ambaye pia anawasaidia kustahimili joto. Kizazi cha arobaini tulimpa jina: Mkaazi.

Aliyekuwa akichagua ni mimi. Nilikuwa mfagizi wa maabara ile ile nilipoanza kidato cha kwanza cha jioni, nikiwa na miaka thelathini na tisa. Nilipofaulu walinipa brashi ya nywele laini, feni ndogo na trei ya vijiti. Niliweka buibui juu ya kijiti, nikawasha feni, nikaangalia. Aliyesimama kwa ncha za miguu nilimtoa. Aliyejibanza nilimhifadhi akazae. Kila asubuhi kabla ya kuwasha feni niliomba, "Bwana, wabakize." Na walibaki. Vijiti vya kusikiliza vilihesabu buibui mara nne ya zamani, mpunga wa Isengo ukanona, na mimi nilishukuru kwa machozi.

Niliporudi kituoni Jumanne ile, mkuu wetu, Daktari Anyitike, alikuwa akinywa chai amesimama, kama kawaida yake. Ni mtu mwema, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Ndiye aliyenifundisha kutumia darubini.

"Dokta, kuna kijiti hata kimoja Madunduli?"

"Hakuna. Si wanachama wa skimu."

"Buibui wao walikuwa wakitoka wapi?"

Alianza kujibu, akasita. Aliweka kikombe juu ya meza, akaenda kwenye ramani ukutani, akapitisha kidole kutoka mlimani, juu ya Isengo, juu ya mfereji, mpaka Madunduli. Kidole kilikaa pale.

"Nilidhani wana wa kwao," alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Mama Subilaga, kaa kwanza."

"Nikikaa nitalia, Dokta. Niambie tufanye nini."

Alitazama ramani tena. Kisha uso wake ulichangamka. "Tutawapelekea Mkaazi. Chupa mia nne tunazo. Tukizimwaga Agosti kwenye mabua yao, mpaka Januari watakuwa wamezaana. Wifi yako hatahama."

Nilimshukuru Mungu papo hapo, kwa sauti, mbele ya chai yake.

*

Alhamisi nilimpelekea Lugano habari hiyo pamoja na chupa moja aione. Nilimkuta akifunga masufuria kwa kamba. Aliishika chupa, akaiinua kwenye mwanga. Ndani, buibui kama mia mbili walikuwa wametulia kwenye majani makavu.

"Mbona wapole hivi?"

"Ndivyo walivyo. Hawatoki mahali."

"Wote majike?"

Nilishangazwa na ukali wa macho yake. "Karibu wote. Mkaazi huua mayai ya madume. Kila msimu kituo huleta madume wachache kwa chupa, wapandane."

"Kila msimu."

"Ndiyo."

"Na kituo kikifungwa?"

"Hakitafungwa, wifi."

"Shule uliyosomea jioni ilifungwa. Zahanati yetu imefungwa. Mungu hafungwi, lakini ofisi zinafungwa." Alinirudishia chupa. "Nikuulize kitu kingine. Unawajua watu wa Ihanzo?"

Ihanzo ni kijiji kilicho chini ya Madunduli, kuelekea kwenye mabwawa ya viboko. Nilisema nawajua.

"Sisi tukishapokea utando, unabaki kwetu wiki mbili tatu, halafu wadogo wanapanda tena juu ya miche na kwenda zao. Wanaenda Ihanzo. Mama yangu alikuwa akiwaambia wa Ihanzo sokoni, 'Tumewatumia wageni, wamefika?' Wanajibu, 'Wamefika, wamekonda kidogo.' Sasa hao wako wakikaa kwangu wasiondoke, sokoni nitasema nini?"

"Tutawapelekea na Ihanzo chupa."

"Na walio chini ya Ihanzo?"

Alikaza kamba ya sufuria kwa meno.

"Isengo walinifungia mlango bila kujua. Mimi ukinipa kufuli hilo, nitafunga nikijua. Chukua chupa yako, wifi. Chai ipo, ukitaka kunywa."

Nilikunywa chai. Kisha nikaondoka na chupa.

*

Ipo dawa. Tunaitumia kuwasafisha buibui wachache kwa ajili ya kulinganisha. Inaua bakteria wote waliomo ndani yao. Alhamisi mchana nilichukua buibui mia ambao niliwasafisha mwezi uliopita, nikawaweka mmoja mmoja mbele ya feni. Sitini na wawili walisimama kwa ncha za miguu. Sikuwa nimeliona jambo hilo kwa miaka sita. Wananyoosha miguu mpaka wanaonekana wembamba, tumbo linainuka, na uzi unatoka bila haraka. Wakati ule nilikuwa nikiwaona nawatoa kwenye trei.

Kisha niliwaweka kwenye sanduku la joto pamoja na wengine mia wenye Mkaazi, digrii arobaini na nne, kama Oktoba ya siku hizi. Waliobaki na Mkaazi walipona tisini katika mia. Waliosafishwa walipona ishirini.

Niliandika hesabu hizo daftarini, nikazitazama. Tukiwasafisha buibui wa Isengo, wanane katika kila kumi watakufa kwa joto. Wawili watakaosalia wataruka Januari, watafika Madunduli, watazaa huko, na wajukuu wao watafika Ihanzo. Huenda baada ya miaka watokee wanaostahimili joto wenyewe. Lakini msimu ujao Isengo itabaki karibu bila walinzi, na vifyonzi hawatasubiri. Tusipowasafisha, Isengo itashiba, na Madunduli itakwisha mwaka huu.

Watu wa Isengo waliniamini. Walimwaga chupa zile kwa mikono yao kwa sababu mimi niliwaambia.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda kwenye tangi la kupulizia. Bomba la ukungu linatoka pale na kufika kwenye kila jaruba la skimu, na ufunguo wa valvu ninao mimi. Nilikuwa nimebeba dawa ya kutosha. Niliimwaga ndani ya tangi. Mkono wangu ulikuwa juu ya valvu, na nilifumba macho niombe.

Sikupata la kuomba. Nilizoea kumwambia Mungu ninachotaka, kisha kufanya kama nimeshajibiwa. Nilisimama pale mpaka chuma kikapata joto la mkono wangu. Ndipo nilipojiona nilivyo: mwanamke mwenye ufunguo, peke yake, anayetaka kuamua kwa ajili ya watu walio upande mwingine wa mfereji, safari hii upande wa kusini. Wangeona tu buibui wamepungua. Wangesema ni joto, nami ningenyamaza.

Nilitoa mkono. Daktari Anyitike alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Ningekuacha uifungue," alisema taratibu. "Nimesoma hesabu zako daftarini. Usiku kucha nimefikiri kuja kuifungua mwenyewe."

"Tusiifungue, Dokta. Tuwaambie."

"Watakataa."

"Huenda."

"Na watanifukuza."

"Mimi watanifukuza kabla yako. Mimi ndiye niliyechagua."

Alitazama tangi. "Wewe ulichagua ulichofundishwa kuchagua," alisema. "Mwalimu alikuwa mimi." Tulimwaga maji ya tangi kwenye shimo la taka za dawa, sisi wawili, ndoo kwa ndoo, mpaka king'ora cha joto kilipolia saa nne na kutufukuza ndani.

*

Jumapili, sikukuu ya mavuno. Kanisa la Isengo lilijaa mpaka milangoni. Watu waliweka miganda ya mpunga mbele ya madhabahu, mizito, ya rangi ya dhahabu, mingine imefungwa kwa utepe. Watu wa Madunduli walikuja mwishoni, kama thelathini hivi. Lugano alibeba mganda mmoja kwa niaba yao. Aliuweka katikati ya ile mingine, na kwa kuwa ulikuwa mwepesi haukusimama. Uliegemea wa jirani. Kwaya iliendelea kuimba, ila sauti zilipungua.

Baada ya baraka Mchungaji aliniita mbele, kama nilivyomwomba. Nilieleza yote, tangu chupa ya kwanza mpaka valvu. Nilisema idadi: sitini na wawili, tisini, ishirini. Nilisema Madunduli walikuwa wakipokea buibui wao kutoka kwetu kwa upepo, na kwamba mimi niliukata upepo ule.

"Niliwaita waabudu utando," nilisema. "Nilisimama hapa hapa. Mlikuwa mnasubiri walinzi wenu, nami nikawaaibisha mbele ya watu. Naomba radhi."

Kisha Bwana Mwangoka, mwenyekiti wa skimu, alisimama. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mama Subilaga, tumekusikia. Sasa unataka nini? Unataka nilegeze ulinzi wa shamba langu, niliwe, ili jirani apate?"

"Ulinzi huo ulikuwa wa kwetu pia," alisema Lugano kutoka alipokaa.

"Mimi sikukuibia, dada yangu!"

"Sijasema umeiba. Nimesema ulikuwa wa kwetu."

"Hata hivyo buibui wa Mwangoka wamekuwa wanene kama yeye," sauti ya mwanamke ilisema nyuma. "Hata akiwafungulia, uzi gani utawabeba?"

Watu walicheka, na Mwangoka naye alicheka kidogo, akashika tumbo. Alipomaliza kucheka uso wake ulikuwa na huzuni. "Nina watoto sita," alisema. "Nawaza Machi. Wanane katika kumi, mama. Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

"Kwa nini usituambie watano? Tungekubali upesi."

"Kwa sababu ni wanane."

King'ora cha joto kililia. Kwa kawaida watu hutimka kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyetoka. Walioko milangoni waliingia ndani, wakaketi sakafuni, Isengo na Madunduli magoti kwa magoti kwa kukosa nafasi.

Daktari Anyitike aliomba kusema. Alisema si lazima skimu nzima isafishwe mara moja. Lipo tuta la mwisho, majaruba sitini yanayopakana na mfereji. Hayo yakisafishwa, buibui watakaosalia wataruka kutoka pale, na nyuma yao Mkaazi atabaki akilinda sehemu kubwa. Ni wachache. Huenda wasitoshe Madunduli mwaka wa kwanza. Huenda majaruba hayo sitini yakaliwa yote.

"Na ya nani hayo sitini?" aliuliza Mwangoka, ingawa alijua.

Wenye majaruba ya tuta la mwisho walitazamana. Lipo langu moja, alilolilima mume wangu kwa mkono. Lipo la Mwangoka pia. Mzee mmoja alisema hapana, waziwazi, kwamba hana chakula cha akiba, na hakuna aliyemzomea. Mwanamke mmoja alisema atafikiri. Wawili walisema ndiyo. Mwangoka alikuwa akichezea kofia yake.

"Mimi nitaangalia kwanza," alisema hatimaye. "Anza na lako, mama. Nikiona umeanza na lako, tutaongea."

"Nitaanza na langu."

Ndipo Lugano aliposimama. Hakuja mbele. Alizungumza kutoka mahali pake, katikati ya watu wake.

"Mmeongea vizuri. Jaruba moja, mawili, matatu. Buibui wachache, labda. Januari, labda." Alinitazama mimi tu. "Lakini masufuria yangu yamefungwa, wifi. Gari linapita kesho. Mara ya kwanza ulisimama hapo ukatuambia tufanye, kisha ukarudi kwako kula wali. Niambie kitu cha kunifanya nifungue zile kamba. Usiniambie mimi peke yangu. Sema, wasikie wote, ili siku ukisahau wapo wa kukukumbusha."

Nilitaka kuomba kwanza. Midomo ilikuwa imeshaanza. Lakini niliona kwamba safari hii maombi yangefuata, si kutangulia, kwa maana wenye kunisikiliza walikuwa mbele yangu wamekaa sakafuni.

"Naahidi—"

"Sauti!" alisema mtu mlangoni. "Huku hatusikii."

Niliinua sauti.

"Mimi, Tusekile, mama yake Subilaga, mjane wa Mwakilasa, naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu watu wa Isengo na watu wa Madunduli. Kesho saa moja asubuhi nitasafisha jaruba langu, na kila anayetaka aje aone. Sitagusa jaruba la mtu ambaye hajaniruhusu kwa mdomo wake. Nitavusha vijiti vya kusikiliza mpaka ng'ambo ya mfereji, na idadi yake, iwe nzuri au mbaya, nitaisoma hapa kila Jumapili. Sitaachia tena kiumbe chochote kabla sijafika Madunduli, na Ihanzo, na kila mahali upepo unapofika, nikawauliza wenyeji. Wifi yangu Lugano akifungua mizigo yake, nitahamia kwake kesho hiyo hiyo. Nitalima naye. Na mpaka siku Madunduli itakapovuna, chakula changu kitakuwa kile kinacholiwa Madunduli, na wakilala njaa, nami nitalala njaa nyumbani mwao."